Jengo D Halipati Maji ya Moto: Uchambuzi wa Kisa cha Hoteli Moja Mombasa

Usuli

Hoteli yenyewe iko ufuoni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Jina lake na mambo mengine yanayoweza kuitambulisha nimeyaondoa.

Asiyeishi huku huuliza maji ya moto ni ya nini katika mji wa joto kama huu. Aje Julai, kusi likivuma na mawingu yakilala juu ya bahari siku tatu mfululizo, aoge saa kumi na mbili asubuhi kwa maji ya tangi la juu. Na mbali na wageni kuna jikoni na kwa dobi, ambako maji vuguvugu hayaondoi mafuta wala hayatakasi shuka.

Mfumo wao ulikuwa wa kawaida. Tangu zitoke kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu kupasha maji joto kwa jua, zilizolenga majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku, paneli juu ya paa la hoteli si jambo geni. Hapa paneli ziko juu ya jengo A, tangi la moto liko chini ya paneli hizo, na boila ya dizeli husaidia usiku na siku za mawingu. Kutoka tangini linatoka bomba la kwenda, linapita majengo A, B, C na D kwa mpangilio huo. Kila jengo lina mikondo mitatu inayopanda hadi ghorofa ya juu, na kila mkondo una bomba jembamba la kurudi. Marudio yote 12 yanakusanyika kwenye bomba moja linaloyarudisha maji tangini kwa pampu ndogo inayozunguka mchana na usiku. Kazi ya pampu hiyo ni moja tu: maji yaliyomo mabombani yasilale yakapoa, mgeni akifungua bomba ayakute ya moto yakimsubiri.

Majengo A na B ni ya awali na mabomba yake ni ya shaba. C na D yaliongezwa baadaye kwa mabomba ya PPR, yaani ya plastiki, yakaunganishwa kwenye ncha ya mfumo wa zamani. Hakuna aliyepiga hesabu upya. Kwa hiyo maji yanayokwenda D yana safari ndefu kuliko yote, kwenda na kurudi, na yale ya A yanageuka hatua chache tu kutoka kwenye pampu.

Malalamiko, na tiba zilizotangulia

Wageni wa jengo D walilalamika kwa zaidi ya mwaka. Ukifungua maji ya moto ulisubiri dakika sita, saba, ndipo yaanze kupata uvuguvugu. Wengine waliomba wahamishiwe A, na A ikijaa meneja hakuwa na jibu.

Kabla sijaitwa tiba tatu zilikuwa zimejaribiwa. Ya kwanza, boila ilipandishwa hadi nyuzi 70. Jengo D lilipata nafuu kidogo sana, lakini A maji yakawa ya kuunguza, na mtoto wa mgeni mmoja aliungua mkono bafuni. Maji ya nyuzi 60 huchukua sekunde chache kuunguza ngozi ya mtu mzima. Ya nyuzi 70 hayampi mtu nafasi hata ya kuondoa mkono, na ngozi ya mtoto ni laini zaidi. Ya pili, pampu ilibadilishwa. Ndogo ya wati 250 ikatolewa, ikafungwa ya kilowati 1.1. Mabomba ya A yakaanza kuvuma usiku, na miezi michache baadaye viwiko vya shaba vikaanza kutoboka kimoja baada ya kingine. Ya tatu, vyumba vinne vya D vikafungiwa shawa za umeme. Maji ya kisima cha pale yana chumvi, na shawa zilizonunuliwa hazikuwa zile za maji ya chumvi. Mgeni mmoja akishika bomba alisikia umeme ukimtekenya. Hizo nilizikata siku ya kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kulikuwa na tiba ya nne ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa tiba. Nilikutana nayo kwa dada anayesafisha vyumba vya jengo D.

“Kaka, sisi twayafungua alfajiri,” aliniambia. “Saa kumi na moja napita vyumba visivyo na watu, nafungua moto kila bafu, nayaacha yaende. Wageni wakiamka angalau yamekaribia.”

“Kila siku?”

“Kila siku ya Mungu. Yule aliyekuwa zamu kabla yangu ndiye alonionyesha.”

Nilipima bomba moja kwa ndoo na saa ya simu: lita nane kwa dakika. Mabafu 20, dakika sita kila moja. Karibu lita 1,000 za maji zilikuwa zikimwagwa kila alfajiri katika hoteli ambayo bomba la mji likikauka hununua maji ya boza. Maji yale yalikuwa yamechujwa, yamesukumwa na yamepashwa joto, halafu yanaishia kwenye shimo la maji machafu. Meneja hakujua. Sidhani alifichwa, dada alifikiri ni sehemu ya kazi yake.

Vipimo vya usiku wa kwanza

Meneja alitaka pampu kubwa zaidi. “Fundi, leta ya kilowati mbili tumalize.” Nilimwomba usiku mmoja wa kupima kwanza.

Nilisubiri hadi saa nne usiku, watu wamemaliza kuoga. Nikafunga vipimajoto kwenye marudio yote 12, kila kimoja kikigusa bomba lenyewe chini ya sponji na kuzungushiwa utepe hewa isiingie. Maji ya kwenda yalitoka tangini na nyuzi 61 za Selsiasi. Boila nilikuwa nimeishusha mchana. Marudio yalisomeka hivi: jengo A, 60.6, 60.7 na 60.6. Jengo B, 57, 58 na 57. Jengo C, 45, 43 na 46. Jengo D, 34, 31 na 33.

Namba hizo zatosha kueleza ugonjwa wote. Maji ya A yalikuwa yakikimbia mno hata hayapati muda wa kupoa. Yanatoka tangini, yanageuka, yanarudi kama yalivyokwenda. Hesabu yake ni rahisi na kila fundi wa maji ya moto aiweke kichwani: lita moja kwa dakika ikipoa nyuzi 5 imeacha njiani takribani wati 350. Mkondo wa A una mabomba ya mita 30 hivi, nami nilikadiria kila mita inapoteza wati 10, jumla wati 300. Ukiruhusu maji yapoe nyuzi 7, mkondo huo unahitaji chini ya lita moja kwa dakika. Kwa upotevu wa nyuzi 0.4 tu, ulikuwa ukipitisha zaidi ya lita 10. Mkondo wa D wenye mita 90 ulihitaji karibu lita mbili, na kwa jinsi maji yalivyorudi baridi, haukuwa ukipata hata nusu lita.

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni zile nyuzi 31 hadi 34, kuliko hata dakika saba za kusubiri. Bakteria ya Legionella hustawi kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, kwenye maji yaliyotulia yenye ukoko wa chokaa na kutu. Ugonjwa wake wa mapafu ulipewa jina baada ya wajumbe wa mkutano wa maveterani kuugua katika hoteli moja mjini Philadelphia mwaka 1976. Ndiyo maana mafundi hushikilia tangi liwe nyuzi 60 na marudio yasishuke chini ya 50. Jengo D lilikuwa limekaa katika joto hilo la hatari zaidi ya mwaka, na wageni wakivuta mvuke wa shawa zake. Asubuhi nilimweleza meneja hivyo bila kuzungusha. Tukakubaliana vyumba vya D visiuzwe hadi mabomba yapitishwe maji ya nyuzi 60 kwenda juu, kila bafu, na vichwa vya shawa vifunguliwe visafishwe. Kwa mfanyabiashara, uamuzi ule ulikuwa mgumu. Namshukuru aliufanya.

Kosa langu la siku ya pili

Nilijua la kufanya: kubana walio karibu ili walio mbali wapate. Kila rudio lilikuwa na geti vali, zote wazi kabisa. Mchana nikapita jengo A nikizibana zote tatu karibu na mwisho, nikabana B kidogo, nikasimama D nikiangalia kipimajoto kikipanda. Kilipanda. Nikaenda nyumbani nimeridhika.

Saa moja asubuhi simu ikalia. Jengo A halina maji ya moto.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, nilipima mchana. Dobi alikuwa akifua, watu wanaoga baada ya kuogelea, na maji yanayovutwa na matumizi yalipandisha joto la D kwa sababu isiyohusiana na vali zangu. Nilikuwa nikisoma matumizi nikidhani nasoma mzunguko. Pili, geti vali haikuumbwa kubana. Imeumbwa kufunga au kufungua. Robo ya kwanza ya ufunguzi hupitisha sehemu kubwa ya maji, kwa hiyo ukiwa karibu na kufunga, nusu mzunguko wa mkono ni tofauti ya mafuriko na ukame. Na zile za pale zilikuwa na ukoko ndani. Nadhani usiku kipande kilimeguka kikaziba upenyo mdogo niliouacha.

Nilizifungua zote, nikaomba radhi mapokezi, nikarudi kwenye daftari.

Vali, kisha usiku mitatu

Zilihitajika vali za kusawazisha, zile zenye namba kwenye mpini na kufuli ya kushikilia kipimo. Ziko pia za kujirekebisha kwa joto, zinazojibana zenyewe maji yakifika nyuzi ulizochagua. Kwa maji laini, yasiyo na chokaa nyingi, ningezichagua hizo bila kusita. Kwa maji ya kisima cha pwani, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe yakabeba chokaa, nimeziona zikiganda baada ya msimu mmoja. Nikachagua za mkono. Maduka niliyozungukia Mombasa hayakuwa nazo za saizi ile, zikaagizwa Nairobi, zikaja na basi baada ya siku nane.

Tulipokuwa tukizifunga tulifungua pia machujio. Chujio la rudio la D lilikuwa limejaa ukoko mweupe kama ganda la yai lililopondwa, maji yakipita kwa kubahatisha. Kule C na D tukapata vali mbili za kufungia juu ya dari ya jipsamu ambazo hata mzee wa matengenezo, aliyekuwepo tangu jengo lijengwe, hakuzikumbuka. Moja ilikuwa nusu imefungwa.

Usiku wa kusawazisha ulianza saa tano hadi saa kumi. Mkondo wa mbali kuliko yote, D3, niliuacha wazi kabisa na sikuugusa tena. Huo ndio kipimo cha wengine wote. Nikaanza kubana A hadi marudio yake yakaribie nyuzi 55, nikangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Maji katika bomba jembamba hutembea polepole, joto jipya huchukua dakika 40 au zaidi kufika mwisho wa mkondo na kutulia, na ukibana mmoja umewaongezea wenzake wote. Mzee na mimi tulikaa kwenye ndoo zilizofudikizwa, thermosi ya chai katikati, tukiamka kila dakika 40 kusoma namba 12. Nilikuwa nimezoea kazi ya spana na kelele. Kazi hii ilikuwa ya penseli.

Mzunguko wa kwanza ulileta A kwenye 55, B 56, C 50, D 47. Usiku wa pili nikabana B zaidi, A kidogo tena, na kuigusa C. Usiku wa tatu marudio kumi yalikuwa kati ya 52 na 55. C3 ilibaki nyuma, nitaifikia mwishoni.

D2 ilikataa. Majirani zake D1 na D3 wako 53, yeye 38.

Bafu moja

Vali yake ilikuwa wazi kabisa, chujio safi. Nilidhani kuna hewa, nikaitoa, hakuna kitu. Kisha mzee akasema twende na mkono. Tukafungua milango ya mabomba kila ghorofa, tukashika bomba la moto la D2 kuanzia chini. Chini lilikuwa la moto. Ghorofa ya kwanza moto. Ghorofa ya pili lilikuwa baridi, na ukiweka kiganja na kutulia ulisikia mtetemo mdogo, maji yakipita wakati hakuna mtu anayeoga.

Chumba kilikuwa kitupu. Tuliingia na askari wa zamu. Bafuni, kando ya choo, kulikuwa na shatafu iliyounganishwa kwenye kichanganyio cha moto na baridi. Mgeni fulani alikuwa ameacha mikono yote miwili wazi, na maji yalizuiwa na kile kidude cha kubonyeza mwishoni mwa hozi. Maji ya baridi pale yana pampu yake na msukumo mkubwa. Ya moto yanashuka kutoka tangini kwa uzito wake. Basi ya baridi yakifika kwenye kichanganyio, yakikuta mlango wa mbele umefungwa na wa moto uko wazi, yaliingia kwenye bomba la moto na kutembea nalo. Bafu moja lilikuwa likipoza mkondo mzima wa ghorofa tatu.

Nilifunga mikono ile miwili. Dakika 25 baadaye D2 ilisoma 51.

Kesho yake tulikagua mabafu yote na kuweka vali za kuzuia kurudi kwenye kila kichanganyio chenye shatafu. Tulikuta mengine mawili yakifanya vivyo hivyo, moja likiwa jengo C.

Matokeo

Katika D, muda wa kusubiri maji ya moto ulishuka kutoka dakika sita au saba hadi chini ya sekunde 40. Boila imerudi nyuzi 61, A hakuna anayeungua. Pampu ya zamani ya wati 250 ilikuwa bado stoo ndani ya gunia. Tuliisafisha, tukaifunga, ikatosha. Ile ya kilowati 1.1 ilikula umeme uniti 26.4 kwa siku, hii inakula 6. Mvumo wa jengo A ulikoma usiku uleule tulioizima ile kubwa. Viwiko vya shaba vilivyokwisha kulika tulivibadilisha. Dada wa D sasa huanza zamu yake saa kumi na mbili.

Haikukaa hivyo bila msukosuko. Wiki mbili baadaye D ilianza kupoa tena. Fundi wa zamu alikuwa ametengeneza bomba linalovuja jengo A, akafunga vali yangu ili afanye kazi, na alipomaliza akaifungua yote, kwa nia njema. Sikuwa nimeacha maandishi yoyote yanayomwambia vinginevyo. Namba zilikuwa kwenye daftari langu, mfukoni mwangu. Sasa kila vali ina kibati chenye namba ya mkondo na kipimo chake, na karatasi yenye vipimo vyote 12 imebandikwa ndani ya mlango wa chumba cha pampu.

Uchambuzi

Kwa nini watu wenye akili walitumia fedha mwaka mzima bila kufika? Naona ni kwa sababu kila tiba ilielekezwa panapouma. D inaumwa, basi D ipashwe, isukumwe, iwekewe umeme. Ugonjwa ulikuwa jengo A, ambako hakuna aliyelalamika. Maji hufuata mkondo, na mkondo mwepesi uko karibu na pampu. Pampu kubwa haibadilishi mgawanyo huo. Inamwongezea kila mmoja kwa kadiri ya alichokuwa nacho, A lita kadhaa, D vijiko. Na gharama yake ni kali: kuyaongeza maji maradufu katika mabomba yaleyale kunahitaji msukumo mara nne na nguvu karibu mara nane. Ile kasi ya ziada ndiyo iliyokuwa ikitafuna viwiko vya shaba.

Kanuni hii haikuanzia kwetu. Nchi za baridi, ambako maji ya moto huzungushwa kwenye redieta kupasha nyumba nzima, zimehangaika na kisa hikihiki: ghorofa ya chini wanafungua madirisha kwa joto, ya juu wanavaa makoti ndani. Ujerumani mwaka 2022 iliagiza majengo makubwa yanayopashwa kwa gesi yasawazishwe, ili kubana matumizi ya gesi. Tofauti ni kwamba kule mzigo ni chumba chenyewe, huku kwetu mzigo ni joto linalopotea njiani, kwa hiyo mikondo yetu inahitaji maji kidogo sana na kosa dogo la vali huonekana upesi.

Uamuzi ninaoutetea kuliko yote ni ule wa kupima usiku mmoja kabla ya kununua chochote. Ninaoujutia ni kubana vali mchana, kwa haraka ya kuonyesha kazi. Kuhusu vali za mkono bado nina mashaka: zinahitaji mtu wa kurudi kuzipima kila baada ya miezi sita, na hoteli hubadilisha mafundi. Kama mwenye hoteli angekuwa na mashine ya kulainisha maji, ningebadili mawazo.

Na kama ningekuwepo C na D zilipojengwa, ningeomba bomba la kurudi lipangwe kinyume: mkondo wa kwanza kupata maji uwe wa mwisho kurudi, ili safari za wote zilingane tangu mwanzo. Mita za ziada za bomba zingegharimu chini ya pampu, shawa za umeme na viwiko vyote vile.

Mkondo mmoja bado haujatii. C3 inasoma 49, chini ya kiwango kwa nyuzi moja, na vali yake iko wazi kabisa. Kichanganyio kilichokuwa na tatizo jengo C kilikuwa kwenye mkondo mwingine, na mabafu ya C3 tumeyakagua mara mbili. Nadhani kuna kipande cha bomba nyuma ya vigae vya ghorofa ya kwanza kilichobanwa wakati wa ujenzi. Kwa sasa mabafu ya mkondo huo hupitishwa maji ya moto mara moja kwa wiki, na tumekubaliana kuvunja ukuta masika, Aprili au Mei, hoteli ikiwa haina watu.